Maumivu chini ya kitovu yasitibiwe kwa kubahatisha

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie maambukizi ya via vya uzazi vya mwanamke, yanayofahamika zaidi kama PID. Mara nyingi mwanamke anayelalamikia maumivu chini ya kitovu hupimwa mkojo tu, akaambiwa ana UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na kupewa vidonge vya siku chache, ilhali hakuna aliyemchunguza shingo ya kizazi wala kumpima ujauzito ili kuhakikisha kwamba mimba haijatunga nje ya mfuko wa uzazi. Maambukizi yakiachwa huweza kuacha makovu kwenye mirija na kuleta ugumba, na lawama, kwa uonevu mkubwa, hubebeshwa yeye.

Mkojo peke yake hauthibitishi ugonjwa huu. Shingo ya kizazi ikiguswa mgonjwa akashtuka kwa maumivu, tiba ianze bila kusubiri majibu ya maabara, kwa kawaida dawa za siku 14, naye aonwe tena ndani ya siku 3. Mwenzi wake atibiwe pia, kwani klamidia, ugonjwa wa zinaa unaoweza kuleta PID, huweza kukaa mwilini mwa mwanamume bila dalili.

Naiomba Wizara ya Afya ihakikishe kila zahanati ina chumba cha faragha, glovu na mhudumu aliyefundishwa uchunguzi huo.

Msomaji wako,
Morogoro