YAH: Malalamiko kuhusu jasi iliyopitwa na muda, mchanga wenye chumvi na vyuma vya pembe visivyo na zinki

Mafundi wa Lipu,
Seeb, Maskati.
14 Juni 2025

Meneja Mauzo,
Duka la Vifaa vya Ujenzi,
Maskati.

Ndugu Meneja,

Assalamu alaikum. Tunaandika kwa Kiswahili kwa kuwa oda yetu ilipokelewa kwa Kiswahili dukani kwenu, na ushauri tunaoulalamikia ulitolewa kwa lugha hiyohiyo.

Oda ilikuwa ya lipu ya ndani ya nyumba moja: jasi kwa sebule na vyumba vya kulala, mita za mraba 140, saruji na mchanga kwa jiko, vyoo na korido, mita za mraba 170. Tarehe 2 Juni mlileta mifuko 45 ya jasi ya kilo 30, saruji, mchanga mita za ujazo 4, vyuma vya pembe 60 vya kulinda kona za lipu, na wavu wa kuziba maungio ya tofali na nguzo. Wavu uko sawa na saruji iko sawa, hivyo hatuvilalamikii. Vitu vitatu vilivyobaki havifai kwa kazi viliyonunuliwa.

Tuanze na jasi, maana ndiyo yenye hasara kubwa. Mfuko wenyewe umeandikwa itumike ndani ya miezi 6. Muhuri wa kiwandani ni wa Julai 2024, yaani jasi ilifika ikiwa na miezi 11. Pembeni mwa mifuko kuna mabonge magumu ambayo hayavunjiki kwa kidole. Jasi ni jiwe lililopikwa likapoteza sehemu kubwa ya maji yake, kwa hiyo inayatamani maji hayo muda wote. Ikikaa kwenye banda la wazi katika unyevu wa pwani hii, inayanyonya hewani na sehemu yake inarudi kuwa jiwe ikiwa bado mfukoni. Vijiwe hivyo vidogo, ukishachanganya, vinaivuta jasi yote ishike haraka. Mchanganyiko uliofanywa saa 1 asubuhi kivulini, kwa maji ya baridi na ndoo iliyosafishwa, ulishika ndani ya dakika 8. Jasi mpya ya aina hiyohiyo inampa fundi zaidi ya nusu saa ya kupaka, kupiga rula na kulainisha. Kwa dakika 8 hata ndoo moja haimaliziki ukutani.

Muuzaji wenu alijibu kwa simu kwamba tuongeze maji na kukoroga upya. Hilo haliwezekani. Jasi iliyoanza kushika imeshafuma nyuzi zake. Ukiikoroga unazikata, na kinachokauka ukutani ni unga unaotoka kwa kiganja. Baadaye akashauri tuchanganye saruji kidogo "ili iwe ngumu". Ushauri huu ni wa hatari na tunaomba usirudiwe kwa mteja mwingine yeyote. Saruji na jasi nyingi vikikutana na unyevu hujenga fuwele zinazovimba taratibu, na lipu inapasuka na kubanduka miezi kadhaa baada ya fundi kulipwa na kuondoka. Lawama itamfikia fundi, na hatakuwa na cha kuonyesha.

Mchanga. Risiti inasema "mchanga wa wadi uliooshwa", yaani wa bonde la mto mkavu. Ulioletwa ni laini, chembe zake ni za duara na karibu zote zina ukubwa mmoja, kama wa vilima vya mchanga vya jangwani. Mchanga wa namna hiyo unadai maji mengi ndipo ulainike kwenye karai; maji yakishatoka, lipu inasinyaa na kupasuka mipasuko midogo kama ramani. Tuliupima kwa chupa nyembamba iliyonyooka: maji yenye chumvi kidogo hadi mililita 50, mchanga hadi kufika 100, maji tena hadi 150, ikatikiswa, ikaachwa saa 3. Mchanga ulisimama milimita 100 na tope juu yake milimita 14. Hiyo ni asilimia 14, wakati kipimo cha chupa ambacho sisi tunakifuata hakiruhusu tope kuzidi asilimia 8. Kisha kiganja kimoja cha mchanga mkavu kutoka kwenye lundo kilitandazwa juu ya bati jeusi, kikalowanishwa kwa maji ya kunywa na kuachwa juani. Kilipokauka bati lilibaki na ukungu mweupe, na ukiulamba ni chumvi. Ukutani chumvi hiyo itatoka nje ya rangi kila unyevu unapopanda, na njiani italisha kutu kila chuma inachokigusa.

Vyuma vya pembe ni vyeusi, havijapakwa zinki. Ndani ya lipu ya saruji vingevumilia kiasi, kwa sababu saruji hukilinda chuma. Jasi mbichi haikilindi. Kipande kimoja kilichopakwa jasi tarehe 4 Juni kilikuwa kimetoa mstari wa kahawia kwenye pembe kufikia tarehe 7.

Yote haya yanaanzia kwenye jina. Hapa Maskati mgeni akisema "plasta", anaweza kupewa jasi, au saruji iliyokwishachanganywa na mchanga kiwandani, au hata unga wa kuzibia mashimo kabla ya rangi, na mifuko yote inafanana. Jasi ikiwekwa chooni inalowa na kulainika. Unga wa kuzibia ukipakwa unene wa sentimita moja unapasuka. Fundi aliyejifunza kazi Tanga au Mombasa anaijua kazi yake, lakini hajui kila jina la dukani kwenu. Muuzaji anapaswa kumuuliza: ukuta wa nini, unene gani, chumba chenye maji au kikavu? Sisi tuliulizwa idadi ya mifuko tu.

Kwa hiyo tunadai mambo haya ndani ya siku 7. Mchukue mifuko 41 iliyobaki na mlete 45 yenye muhuri usiozidi miezi 2, kwa kuwa minne iliyofunguliwa iliharibikia mikononi kwa kosa la mzigo. Mwondoe mchanga wote kwa gharama yenu na mlete wa wadi uliooshwa kweli. Tutaupima kwa chupa kabla lori halijamwaga, na dereva aambiwe mapema. Vyuma 60 vibadilishwe kwa vyenye zinki. Kama jasi ya tarehe hiyo hamna, rudisheni fedha yake yote na tutanunua kwingine.

Pamoja na barua hii tumeleta picha za mihuri ya mifuko, nakala ya risiti, chupa ya mchanga iliyofungwa na kipande cha chuma chenye kutu.

Lori lifike kabla ya saa 6:30 mchana, kwa sababu kuanzia Juni hadi Agosti kazi ya nje inasimama mpaka saa 9:30 na hatutaweza kushusha mzigo.

Wenu,
Mafundi wa Lipu, Seeb