Nafasi ya kiti mwendo si ya "dakika mbili tu"

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme na madereva wenzangu wa Mtwara mjini.

Mama yangu alikatwa mguu kwa ajili ya kisukari na sasa anatumia kiti mwendo. Wiki iliyopita nilimpeleka kwenye ofisi moja kufuatilia mafao yake. Pale mlangoni pana nafasi moja tu ya maegesho yenye alama ya kiti mwendo. Tulikuta imekaliwa. Mlinzi akaniambia kwa sauti ya chini, "Ni gari la bosi, mwanangu. Kasema dakika mbili tu."

Nikaegesha ng'ambo, penye mchanga. Anayeujua mchanga wetu anajua kilichofuata: magurudumu madogo ya mbele yalizama, kiti kikagoma kabisa. Vijana wawili wa bodaboda wakaja kumbeba mama juujuu, naye kaishika khanga yake isimvuke mbele za watu. Mmoja wao akamtambua. "Shikamoo mwalimu," akasema, na mama akashindwa hata kuinua uso kuitikia.

Wengi hudhani nafasi ile ni upendeleo wa kuwa karibu na mlango. Kubwa zaidi ni upana. Ili mama ashuke, mlango wa gari lazima ufunguke wote, kiti kisogezwe hadi ubavuni mwa siti na kufungwa breki, ndipo ajivute kwa mikono. Pembeni panatakiwa ukanda wa zaidi ya mita moja ulio wazi, na chini pawe pagumu. Ukimbana kwa gari lako, umemfungia ndani. Pikipiki ikiegeshwa chini ya mteremko wa kupandia barazani, ni yale yale.

Tanzania iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata tukatunga sheria yetu wenyewe. Naiomba Manispaa, kabla ya kupitisha ramani ya jengo lolote la kuhudumia watu, ipime nafasi hizi kwa futi kamba. Nao wakuu wa ofisi wawape walinzi idhini ya kumwondoa yeyote, bosi akiwemo.

Jumatatu mama anatakiwa kurudi pale. Kuna fomu moja haikugongwa muhuri.

Msomaji wako,
Shangani, Mtwara