Malalamiko kuhusu maelekezo yenu ya kutunza manyoya ya paka

Pasiansi, Ilemela,
Mwanza.

Meneja,
Duka la Vifaa na Huduma za Wanyama wa Nyumbani,
Mwanza.

Ndugu Meneja,

YAH: KUELEKEZWA KUMWOGESHA PAKA KABLA YA KUMCHANA, NA JERAHA ALILOPATA DUKANI KWENU

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nilinunua kwenu, kwa shilingi 48,000, seti ya kumtunzia mtoto wa paka wa Kiajemi: brashi, chupa ya shampuu na karatasi ya maelekezo yenye nembo yenu. Baadaye nililipia huduma ya kumchana hapo hapo dukani. Nakala za risiti nimeziambatanisha.

Naanza na karatasi, maana ndiyo chanzo cha yote. Imeandikwa: "Mwogeshe, mkaushe, kisha mchane." Huo ni utaratibu uliogeuzwa kichwa chini miguu juu. Paka huyu ana manyoya marefu juu, na chini yake mengine laini sana. Yale ya chini yaking'oka hayadondoki, yananaswa na yale marefu na kuanza kujisokota. Maji yakiingia kwenye fundo, fundo linakaza, na likikauka linakuwa gumu kuliko lilivyokuwa. Kwa hiyo paka wa aina hii huchanwa kwanza mpaka kitana kipite bila kukwama, ndipo anaguswa na maji.

Pamba, ndilo jina lake, alikuwa na mafundo madogo kwapani, kiasi cha punje ya harage, ya kufumuliwa kwa vidole tu. Nilifuata karatasi yenu neno kwa neno. Alipokauka, mafundo yalikuwa yameshikana kuwa bamba moja lililolala juu ya ngozi, ncha ya kidole haipenyi. Nilipotenganisha manyoya pembeni mwake niliona ngozi nyekundu, yenye unyevu na harufu. Kila akinyoosha mguu wa mbele bamba lilikuwa linamvuta, akawa anachechemea.

Brashi nayo haifai kwa kazi mliyoiuzia. Ni laini, inateleza juu juu. Mgongo unang'aa, mtu anaridhika, kumbe huku chini manyoya yanazidi kufungana. Anachohitaji paka huyu ni kitana cha chuma chenye meno yaliyoachana, kisha cha meno ya karibu karibu, na mkono mmoja ushike manyoya kwenye shina ili ngozi isivutwe. Karatasi yenu haikutaja popote nyuma ya masikio, kwapani, tumboni wala nyuma ya mapaja, na huko ndiko mafundo yanakoanzia. Kitana hakimo kabisa kwenye seti.

Nilimleta kwenu nikiamini nimefika kwa wanaojua. Kijana wenu alilishika lile bamba, akalivuta juu, akapitisha mkasi chini yake. Ngozi ya paka ni nyembamba na imelegea. Ukivuta fundo, ngozi inainuka nalo, na mkasi haubagui. Pamba alilia mara moja, kisha nikaona damu kwenye manyoya meupe. Daktari wa mifugo alimshona nyuzi tatu. Fundo la namna ile huondolewa kwa mashine ya kunyolea, taratibu, na likiwa limegandana na ngozi mnyama hupelekwa kwa daktari. Mtu anayelipwa kwa kazi hii anapaswa kulijua hilo kabla ya kushika mkasi.

Nilipowaandikia WhatsApp mkanijibu kwamba paka wa manyoya marefu ndivyo walivyo, nimlete mumnyoe mwili mzima, kwa malipo mengine. Ndugu Meneja, sivyo walivyo. Wakichanwa kila siku kwa dakika chache hawafungani manyoya.

Jeraha limepona. Kilichobaki ni hofu, na hicho ndicho kinachoniuma zaidi. Mtoto wa paka huzoeshwa kitana angali mdogo, kidogo kidogo, aachwe kabla hajachoka, maana manyoya ya utu uzima yakiota kazi inaongezeka, na atachanwa maisha yake yote. Pamba alikuwa anajilaza mwenyewe nimchane kidevuni. Sasa akiona kitana anajificha chini ya kabati. Kazi ya kumrudishia imani nimeachiwa mimi, na hakuna risiti itakayoonyesha gharama yake.

Mwanza paka wa aina hii ni wachache. Wengi wetu tumekulia na paka wa kawaida, wale wanaozunguka soko la samaki la Mwaloni wakivizia dagaa, wanaojilamba na kujitosheleza. Mtu akipata wa manyoya marefu hana jirani wa kumuuliza. Anategemea neno la muuzaji. Ndiyo maana nasema kosa lenu ni zito.

Na jambo jingine, kwa usalama wa wateja wengine: shampuu ya mbwa ya kuua viroboto, yenye permethrin, mmeipanga rafu moja na za paka. Dawa hiyo ni sumu kwa paka. Humtetemesha, humtia degedege na inaweza kumuua. Iondoeni hapo leo.

Naomba mnirudishie fedha za seti na za huduma, mlipe gharama za daktari kama risiti inavyoonyesha, mwondoe karatasi ile dukani na kuwajulisha waliokwisha kuichukua, na wafanyakazi wenu wasiguse tena fundo kwa mkasi. Nategemea majibu kwa maandishi ndani ya siku 14. Nisipoyapata nitapeleka suala hili Tume ya Ushindani, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na nitawasilisha taarifa kwa ofisi ya mifugo ya halmashauri chini ya Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008.

Picha za jeraha, maelezo ya daktari na karatasi yenu ya maelekezo vimo ndani ya bahasha hii.

Wako,
Mteja na mlezi wa Pamba