Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wanachama wa kundi letu la tromboni: habari ya kiti cha kwanza

Ndugu wanachama, maafande wetu wastaafu, na vijana wa tromboni,

Naandika kwa Kiswahili kama ilivyo desturi yetu. Wengi wetu tulishika tromboni mara ya kwanza kambini, na huko amri na nota zote zilitujia kwa lugha hii. Wale ambao Kiganda ndicho kinachowatoka vizuri watanivumilia mpaka wakati wa chai.

Habari za fedha namwachia mweka hazina, ndiye mwenye daftari. Kwa upande wa vyombo, slaidi mbili (yale mabomba ya kuvuta na kusukuma ya tromboni) zimepinda mwaka huu, zote kwa sababu moja: bodaboda. Tromboni haipandi pikipiki bila sanduku gumu. Bomba la ndani na la nje zimeachana kwa uwazi mdogo mno, na likibonyea kidogo tu, nafasi saba za slaidi zinabaki nne. Ukumbi wa mazoezi bado tunao. Paa bado linavuja.

Sasa nije kwenye jambo lililotutafuna mwaka mzima. Nani ni tromboni ya kwanza, yaani kinara wa safu, na je, aliyekalia kiti hicho ana ruhusa ya kwenda kupiga solo kwingine?

Mnakumbuka lilivyoanza. Tuliombwa tromboni tatu za kusindikiza kwaya katika Requiem, misa ya wafu ya Mozart. Mwenzetu wa kiti cha kwanza akakosa mazoezi mawili, mara yuko Mbarara kwenye harusi, mara Jinja, kote akipiga peke yake mbele ya wageni na kulipwa vizuri. Simlaumu kwa kulipwa. Ila mazoezi ya tatu alifika akidai solo ya “Tuba mirum”, ile sehemu ya parapanda ya siku ya mwisho. Mwenzetu wa kiti cha pili hakujibu kitu, akamsogezea karatasi. Solo ile imo kwenye sehemu ya tromboni ya pili. Tromboni ya kwanza pale ni alto, ya pili ni tenori, ya tatu besi, na parapanda hiyo amepewa tenori. Maneno yaliyofuata siyaweki kwenye taarifa.

Baada ya siku ile nilikaa nikatafuta wenzetu wa mbali waliishi vipi na mvutano huu, maana si sisi tulioubuni. Mjini Leipzig alikuwepo Karl Traugott Queisser, bingwa wa tromboni ambaye Ferdinand David alimtungia Concertino (koncherto fupi, yaani kazi ya mpiga solo mmoja mbele ya okestra) mwaka 1837, kipande ambacho wapigaji wanakutana nacho kwenye usaili hadi leo. Na katika okestra ya Gewandhaus ya mji huo mtu huyo huyo alikuwa akipiga viola, chombo cha kamba kilicho kikubwa kidogo kuliko fidla! Solo ilikuwa ya tromboni, kiti kilikuwa cha kamba.

Christian Lindberg wa Sweden alipata kiti kwenye okestra ya opera mjini Stockholm akiwa na miaka 19, akakiacha muda si mrefu, akaenda kuishi kwa solo tupu. Kila mwaka kijana mmoja hunijia akisema anataka kuwa Lindberg. Mimi humwuliza kodi ya nyumba ataipata wapi mwezi ambao hakuna harusi. Namheshimu Lindberg sana, lakini njia yake ni nyembamba, na walioipita salama ni wachache.

Anayenivutia zaidi ni Joseph Alessi, Mmarekani. Alianza na kiti cha pili katika okestra ya Philadelphia, akapata cha kwanza katika ya Montreal, na mwaka 1985 akawa kinara wa safu ya tromboni ya okestra ya New York Philharmonic. Mwaka 1992 alisimama mbele ya okestra yake mwenyewe akapiga koncherto aliyotungiwa na Christopher Rouse, na mwaka uliofuata kazi hiyo ikampa Rouse tuzo ya Pulitzer ya muziki. Kiti hakukiacha.

Ujerumani wana mpango ambao kamati yetu imeupenda. Okestra zao kubwa huajiri wapigaji wawili wa kiti cha kwanza, wakapokezana. Mmoja akisafiri na solo zake, mwenzake yupo. Na cheo chenyewe wanakiita “solo”, hata kama kazi yake kubwa ni kukaa na wenzake na kuhesabu kimya.

Ila cheo hicho kina uchungu wake. Mwaka 1980 Abbie Conant, mwanamke Mmarekani, alipiga nyuma ya pazia, waamuzi wasimwone, katika usaili wa okestra ya Munich Philharmonic, akachaguliwa kwa kiti cha kwanza. Barua ya kumwita kwenye usaili ilikuwa imeandikwa “Bwana”. Mwaka 1982 alishushwa hadi kiti cha pili, na kesi zake za kudai cheo na mshahara unaoendana nacho zilikwisha 1993, akiwa ameshinda. Nawaomba wanaosema “vyeo ni majina tu” waisome habari hiyo polepole. Binti zetu wawili wa safu ya vijana wameshaisoma.

Kwa hiyo kamati inaleta haya mbele yenu. Kiti cha kwanza kishikwe na wawili, wapokezane onyesho kwa onyesho. Mwenye solo ya nje aseme siku 30 kabla, na posho yake ya siku hiyo iende kwa aliyemshikia nafasi. Mimi nilitaka siku 60, nikashindwa kwa kura, na nimekubali. Posho ya tromboni ya besi ilingane na ya wengine. Kumlipa pungufu mtu ambaye tukimkosa hatuna mwingine ni aibu yetu.

Usaili uwe nyuma ya pazia, mwezi wa pili. Kila mmoja atapiga ile solo ya nota za juu ya Boléro ya Ravel, tuone nani ana midomo. Kisha watatu watatu watapiga korali ya tromboni, ule wimbo wa taratibu kama wa kanisani, kwenye sehemu ya nne ya Simfoni ya Kwanza ya Brahms. Pale tromboni hukaa kimya sehemu tatu nzima, halafu kondakta (si yule wa taksi) anawatazama, na inabidi waingie taratibu, pamoja, midomo ikiwa imeshapoa. Kura yangu nitaitoa hapo, si kwenye Boléro.

Pazia tutaazima kwa kina mama wa kwaya. Wamekubali, kwa sharti tulirudishe limefuliwa.