Mjomba, zile rangi mbili ninazo mimi

Mjomba, shikamoo.

Najua umerudi Wete na donge bado liko moyoni. Ulimgombesha yule muuguzi mbele ya wodi nzima: "Mtu ana homa, tumbo limefura, nyinyi mnamtundikia maji matupu?" Mfukoni mwa kanzu ulikuwa na pakiti ya rangi mbili, zile kapsuli za antibaiotiki, kutoka duka la dawa, ukitaka dada yako azimeze kwa siri. Nikakushika mkono. Uniwie radhi kwa hilo.

Kongosho la mama halikuingiwa na vijidudu. Kijiwe cha nyongo kiliteleza kikaziba njia, na yale maji ya kusagia chakula yakaanza kuliunguza kongosho lenyewe lililoyatengeneza. Ndiyo maana maumivu yalipenya hadi mgongoni, akawa hawezi kulala chali, amejikunja kaukumbatia mto. Homa ya siku za mwanzo huweza kutokana na huko kuungua tu. Antibaiotiki huua bakteria, haizimi moto.

Hofu yako, lakini, hata madaktari walikuwa nayo. Sehemu ya kongosho ikifa, bakteria huweza kuivamia, mara nyingi baada ya wiki ya kwanza, na hapo ndipo roho za watu zinapopotea. Basi madaktari wakasema tuwahi, tutoe antibaiotiki kabla bakteria hawajaingia. Mwaka 1993 Waitaliano walijaribu imipenemu, antibaiotiki ya mshipani, kwa wagonjwa 74, na waliopewa wakaambukizwa kwa uchache. Ila kila daktari alijua nani kapewa na nani hakupewa. Mwaka 2004 Wajerumani wakachukua wagonjwa 114, wengine antibaiotiki, wengine kitu cha kufanana nayo kisicho na dawa ndani, pasi na mtu kujua nani kapewa kipi. Kongosho lililokufa liliambukizwa kwa 12 katika kila 100 waliopewa dawa, na 9 kwa wasiopewa. Tofauti ya maana hakuna. Kilichobaki ni kufuga bakteria sugu na kuwafungulia fangasi mlango.

Na yale maji "matupu", Mjomba, ndiyo tiba! Figo zilikuwa zimeanza kulegea. Ule mfuko uliofungwa ubavuni mwa kitanda, muuguzi alikuwa akiupima mkojo kila saa na kuandika. Uliyemfokea ndiye huyo. Maambukizi yakithibitika, au njia ya nyongo ikiingia usaha, antibaiotiki watampa, tena za mshipani.

Pakiti yako iko kabatini kwangu, haijafunguliwa. Jana mama kanywa uji nusu kikombe, leo anaulizia pweza wa nazi. Nimemwambia nazi bado.