Ukitaka kuwaonyesha wanafunzi La Haine

Paris, Ufaransa

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mama na mjomba wafikishie shikamoo zangu, kisha tuje kwenye swali lako: je, filamu ya Kifaransa La Haine inafaa kwa wanafunzi wako wa kidato cha sita watakapojadili ubaguzi wa rangi? Inafaa, lakini ile kazi uliyokusudia kuwapa, ya kuandika kila tusi la kibaguzi wanalolisikia, iache. Watakuletea kurasa nzima za matusi, mengi ni utani wa marafiki watatu wanaopendana, na ubaguzi wenyewe utakuwa umepita mbele ya macho yao bila kuandikwa.

Filamu ni ya Mathieu Kassovitz, ilitoka 1995 na mwaka huohuo ikampa tuzo ya mwongozaji bora kwenye tamasha la filamu la Cannes. Vijana watatu wa mtaa mmoja wa maghorofa nje ya Paris: Vinz ni Myahudi, Saïd ana asili ya Waarabu wa Afrika Kaskazini, Hubert ni Mweusi na ni bondia ambaye ukumbi wake wa mazoezi umeteketea katika ghasia za usiku uliopita. Ghasia zilizuka kwa sababu mwenzao Abdel alipigwa akiwa mikononi mwa polisi, sasa yuko mahututi. Vinz ameokota bastola ambayo askari mmoja aliipoteza katika vurugu zile, na ameapa kwamba Abdel akifa, ataua askari.

Waeleze mapema kwamba hadithi ni ya kubuni lakini chanzo chake si cha kubuni. Tarehe 6 Aprili 1993, Makomé M'Bowolé, kijana wa miaka 17 aliyezaliwa Zaire, aliuawa kwa risasi ya kichwa ndani ya kituo cha polisi Paris, akiwa chini ya ulinzi. Aliyempiga alikuwa mpelelezi aliyekuwa akimhoji.

Jambo la pili la kueleza ni sheria, na hapa usiharakishe. Sensa ya Ufaransa haimwulizi mtu rangi wala kabila lake. Sheria ya 1978 inakataza, isipokuwa kwa masharti machache, kukusanya taarifa za aina hiyo, na Katiba inasema raia wote ni sawa bila kujali asili, rangi au dini. Nia ni njema. Ila kisichohesabiwa ni vigumu kukithibitisha, kwa hiyo ubaguzi umejifunza kupita njia nyingine, hasa anwani. Mitaa ile ya maghorofa ilijengwa kati ya miaka ya 1950 na 1970, wakati viwanda na miji ilipohitaji nyumba za haraka, na baadaye familia zilizotoka makoloni ya zamani zikawa nyingi humo huku wenye uwezo wakihama. Siku hizi mtu akitaja tu mtaa wake kwenye barua ya kuomba kazi, ameshasema mengi. Ndiyo maana katika filamu nzima utasikia habari za mtaa mara nyingi kuliko habari za rangi. Picha za sehemu ya kwanza zilipigwa La Noé, Chanteloup-les-Vignes, kilomita kama 30 kutoka katikati ya Paris.

Kwa hiyo badala ya matusi, wape kazi ya milango. Waandike kila mahali vijana hawa wanapotaka kuingia au kukaa, nani anawazuia, kwa maneno gani, na kama angewazuia watu wengine. Hospitalini hawaruhusiwi kumwona Abdel. Kwenye maonyesho ya sanaa mjini wanafukuzwa, na hapo waachie wanafunzi wabishane, maana vijana wenyewe wanawasumbua wanawake na wana hatia yao. Waandishi wa televisheni wanafika mtaani na kuwahoji bila hata kushuka kwenye gari. Hubert anawajibu kwamba hapa si Thoiry. Hiyo ni bustani ya magharibi mwa Paris ambamo watu hukaa ndani ya magari yao wakiangalia wanyama. Darasa lako halitahitaji maelezo zaidi.

Kundi jingine lifuatilie polisi, mmoja mmoja. Samir, askari mwenye asili ya Kiarabu, anawasaidia. Mwingine wa mjini anamwelekeza Saïd njia kwa adabu hadi Saïd anashangaa. Halafu kuna kile chumba ambamo Saïd na Hubert wanateswa na askari wawili huku wa tatu, kijana mgeni kazini, akiangalia. Waambie wamtazame huyo wa tatu, uso wake, na kwamba hasemi neno. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sehemu yenye uzito kuliko zote, kuliko hata bastola, kwa sababu inaonyesha namna askari mwema anavyofundishwa kunyamaza.

Kundi la tatu lishike kamera. Mtaani lenzi ni pana, inatembea pamoja na vijana na kila kitu nyuma yao kinaonekana vizuri. Wakishuka Paris, kwenye picha ya kwanza wakiwa wameegemea ukingo, mji nyuma yao unasogea na kufifia wakati wao hawajasogea. Kuanzia hapo mji si wao.

Sasa yanayoharibika. Kwa kuwa ni ya rangi nyeusi na nyeupe, wengi hudhani ni ya zamani sana au ni taarifa ya habari. Sahihisha hilo kabla ya kuwasha projekta. Tafuta nakala ya Kifaransa yenye tafsiri ya maandishi chini, si iliyoingizwa sauti nyingine, na epuka tafsiri za zamani za Kiingereza zilizobadili majina ya Kifaransa kuwa ya Kimarekani, maana darasa litadhani liko New York. Lugha ni chafu, kuna bangi na kuna damu, kwa hiyo mkuu wa shule ajue mapema. Wavulana watamfanya Vinz shujaa. Waulize anafanya nini anapopata nafasi ya kumpiga risasi yule mbaguzi aliyenyoa kichwa. Na wasichana watauliza wao wako wapi. Wana haki, filamu haina jibu.

Dakika ni 98, hazitoshi vipindi viwili vya dakika 40. Ikate wanapopanda treni kwenda Paris, na siku ya pili uwe na muda wa ziada, kwa sababu dakika tano za mwisho zisipofuatiwa na mazungumzo papo hapo zinapotea. Saa inayotokea kwenye skrini inaanza 10:38, yaani saa nne na dakika 38 asubuhi kwa hesabu yetu, na kuishia 06:01 alfajiri. Mwisho usiwadokeze.

Wakikuuliza kama mambo yamebadilika, wape haya. Oktoba 2005 Zyed Benna wa miaka 17 na Bouna Traoré wa miaka 15 walikufa kwa umeme huko Clichy-sous-Bois walipokuwa wamejificha wakiwakimbia polisi, na mitaa ikawaka kwa wiki tatu. Novemba 2016 mahakama ya juu ya rufaa iliona Serikali ina hatia kwa watu kukaguliwa vitambulisho kwa sababu ya sura zao. Lakini askari akishakukagua barabarani bado halazimiki kukupa karatasi yoyote, na bila karatasi utamshtaki kwa ushahidi gani?

Niandikie ukishapata nakala, unitajie ina tafsiri ya lugha gani.

Kaka yako