Wanafunzi wa uzamili si wavivu, hawakufundishwa takwimu

Ndugu Mhariri,

Habari yenu ya wiki iliyopita kuhusu wanafunzi wa uzamili wanaowalipa vijana wa steshenari wawachambulie data imeniudhi, na si kwa sababu ni ya uongo. Ni ya kweli tupu. Kilichoniudhi ni yule mhadhiri mliyemnukuu akisema chanzo ni uvivu. Nimekaa na jambo hili moyoni tangu 2014, na neno hilo lisingechapishwa ningeendelea kunyamaza.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Nilikwenda kusoma uzamili wa afya ya jamii nikiwa na miaka 46, baada ya miaka 20 ya wodi ya wazazi. Takwimu na mbinu za utafiti tulifundishwa wiki tatu, jioni, watu zaidi ya 70 darasani, kompyuta moja ya mwalimu ikimulika ukutani. Tulinakili kanuni. Hakuna aliyegusa data halisi kwa mkono wake. Mtihani ulikuwa wa kuchagua jibu sahihi, nikapata A, na siku niliyorudi kutoka vijijini na madodoso yamejaa viroba viwili sikujua nianzie wapi.

Msimamizi wangu alinipa namba moja ya sampuli, yaani idadi ya watu wa kuhoji: 384. Wenzangu nao walipewa hiyohiyo, awe mtu anachunguza vyandarua, kisukari au utoro shuleni. Hakuna aliyetueleza inatoka wapi. Chukua 1.96, namba ya uhakika wa asilimia 95, izidishe kwa yenyewe, zidisha kwa 0.5 na kwa 0.5 tena, ukikisia kwamba nusu ya watu wana jambo unalolichunguza, kisha gawanya kwa 0.05, kosa unaloliruhusu, iliyozidishwa kwa yenyewe. Unapata 384.16, ambayo kwa haki ni watu 385. Na hesabu hiyo inachukulia kwamba umeokota watu mmoja mmoja kutoka eneo zima, kama karatasi za kura ndani ya kapu. Sisi tulichagua vijiji kwanza, kisha kaya. Akina mama wa kijiji kimoja wana zahanati moja, njia moja, mara nyingi mkunga mmoja. Majibu yao yanafanana, kwa hiyo ukihoji 30 hujapata habari za watu 30. Namba ilipaswa kuongezwa, pengine hata kufikia mara mbili yake. Hilo nililijua nikiwa nimeshahitimu.

Basi nami nilikwenda steshenari. Nililipa laki mbili na nusu. Mtu anayesema nilikuwa mvivu aje anionyeshe wiki tano alizolala kwenye madarasa ya shule ya msingi akiamka alfajiri kuwawahi akina mama kabla hawajaenda shamba. Kijana yule aliniletea majedwali 22 yaliyopangwa vizuri. Kwenye dodoso langu, mama asiyejua umri wake nilimwandikia 99, na hao walikuwa 21. Kijana hakuuliza 99 ni nini, na mimi sikujua kwamba inabidi kompyuta iambiwe kuwa 99 si umri. Ikawahesabu wanawake 21 waliotoka kujifungua kuwa wana miaka 99. Wastani wa umri, ambao kwa kweli ulikuwa 26, ukapanda hadi 30. Nikatetea tasnifu hiyo mbele ya jopo la maprofesa na madaktari wa falsafa kwa saa mbili nzima. Waliniuliza kuhusu upana wa pambizo. Waliniuliza kwa nini marejeo mawili hayakufuata alfabeti. Mmoja aliniagiza niondoe sehemu yote ya gharama za usafiri kwa kuwa thamani ya p, yaani uwezekano wa kuona tofauti kubwa kiasi kile hata kama kwa kweli hakuna tofauti, ilikuwa 0.07, juu ya mpaka wa mazoea wa 0.05, yaani eti sikupata kitu, na nikaiondoa, wakati nilikuwa nimewasikia kwa masikio yangu akina mama wakieleza walivyokosa nauli ya bodaboda usiku wa uchungu. Miaka miwili baadaye Chama cha Takwimu cha Marekani kilitoa tamko kwamba uamuzi wa kisayansi usiegemee tu kwenye kuangalia kama p imevuka mpaka fulani, lakini mimi sehemu yangu ilikuwa imeshafutwa. Hakuna mjumbe hata mmoja aliyefungua faili la data. Hakuna aliyesema, hebu tuone umri wa chini kabisa na wa juu kabisa. Wangeona 99 kwa dakika moja.

Aliyeona ni mkunga mwenye cheti. Nilirudi kituo cha afya kuwasomea matokeo, kwa sababu niliwaahidi, na nilipofika jedwali la pili akanyoosha mkono. “Sista, samahani. Hawa wazazi wetu wengi wanaanza wakiwa na kumi na nane, kumi na tisa. Hiyo thelathini umeipata wapi?” Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikafungua faili usiku huohuo, nikaona, nikalia.

Kuna jingine ambalo habari yenu haikuligusa kabisa: Kiswahili cha madodoso. Mwanafunzi huchukua dodoso la Kiingereza, hulitafsiri usiku mmoja, na hakuna mtu wa pili anayelirudisha kwenye Kiingereza ili kuona kama maana imebaki. Kwenye dodoso la maswali 9 la kupima sonona, mojawapo ya majibu ni kwamba hali hiyo imekusumbua zaidi ya nusu ya siku za wiki mbili zilizopita. Nimelishika kwa mikono yangu dodoso lililoandikwa “zaidi ya nusu ya siku” basi. Neno siku halibadiliki kwa umoja wala wingi. Bibi anayehojiwa anaelewa tangu asubuhi hadi adhuhuri imepita, na anajibu hivyo kwa uaminifu kabisa. Kisha yale majibu ya nakubali sana, nakubali, sina uhakika, ambayo Mmarekani Rensis Likert aliyatunga mwaka 1932. Bibi mmoja aliniambia, “Mwanangu, umetoka mbali, wewe andika nakubali zote.” Alikuwa ananipa heshima ya mgeni, na mimi nikaandika kwamba ameridhika na huduma.

Mwaka 1994 Douglas Altman, mtaalamu wa takwimu za tiba wa Uingereza, aliandika katika jarida la tiba la BMJ kwamba tunahitaji tafiti chache zaidi na zilizo bora zaidi. Sisi tunazidisha wahitimu.

Ninapendekeza haya. Siku ya kutetea tasnifu, mwanafunzi akae mbele ya jopo na kompyuta yenye data ghafi, atajiwe jedwali moja la tasnifu yake, apewe dakika 20 alitengeneze upya. Programu ya R ya kuchambulia takwimu ni ya bure, kwa hiyo gharama isiwe kisingizio. Kwenye jopo awepo mtu mmoja anayefanya kazi pale data ilipokusanywa, mkunga, mwalimu au afisa ustawi wa jamii, apewe nauli na posho kama wajumbe wengine. Na kila chuo kinachotoa uzamili wa afya au sayansi ya jamii kiwe na chumba ambamo mtakwimu anakaa kila Alhamisi, saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, mlango wazi, mwanafunzi aingie na swali lake kabla hajaenda kukusanya data.

Tasnifu yangu bado ipo maktaba, wastani wa 30 ukiwa palepale kwenye jedwali la pili, na wanafunzi wanaunukuu. Mara tatu nimeomba kuruhusiwa kubandika karatasi moja ya masahihisho ndani ya jalada. Mara zote nimejibiwa kwamba hakuna utaratibu. Karatasi ninayo, nimeshaichapa, na gundi nitakuja nayo mwenyewe.

Muuguzi mstaafu,
Morogoro